Uso wa Bi Mauza Dirishani

Nani alikudanganya kwamba picha haisemi uongo?

Seifu hakudanganywa na mtu. Alijidanganya mwenyewe, tena kwa miaka kumi na mmoja, akiwa ndani ya chumba cha giza nyuma ya duka la picha la Mansukhlal, pale Uhindini, vidole vyake vimegeuka rangi ya chai kwa dawa za kusafishia picha. Ukimuuliza kwa nini hakutafuta kazi bandarini kama vijana wenzake wa Kariakoo, alikujibu: "Kule wanapakua mizigo. Mimi napakua watu kutoka gizani." Wenzake walicheka. Yeye hakuwa akitania.

Alikuwa na sababu yake. Baba yake alichukuliwa upagazi katika vita vya Waingereza na Wajerumani, Seifu akiwa na miaka sita. Alibebeshwa masanduku ya risasi mpaka Rufiji na kutoka huko hakurudi. Haikurudi nguo yake, haikurudi hata habari ya kaburi. Maofisa wa vita ile walipigwa picha. Farasi wao walipigwa picha. Mizinga ilipigwa picha kutoka mbele na kutoka ubavuni. Wapagazi waliingia ardhini kwa maelfu, na aliyeona haja ya kuwapiga picha hakuwepo. Mama yake Seifu alikuwa akimwambia, "Baba yako alikuwa na uso mpana kama wako." Baada ya miaka michache uso ukawa mwembamba. Mwisho siku moja mama alishika tama, akakiri kwamba hakumbuki tena. Siku hiyo Seifu aliona kama baba yake amekufa mara ya pili.

Kwa hiyo, alipoingia kwa Mansukhlal akiwa na miaka kumi na mitano, akaona karatasi nyeupe ikilazwa ndani ya dawa, na kutoka katika weupe ule uso wa mtu ukapanda polepole, jicho kwanza, kisha pua, kisha mdomo, aliomba kazi palepale. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Akawa fundi. Sanduku la kupigia picha la Mansukhlal lilinasa sura ya mtu juu ya kioo, na katika kioo kila kitu huwa kinyume: weupe ni weusi, weusi ni weupe. Kabla ya kioo kutolewa picha kwenye karatasi, Seifu alikiinamia akiwa na kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, akaziba alama za ndui, akalainisha makunyanzi, akampunguzia mzee uchovu wa machoni. Hakuona kwamba huo ni uongo. Aliuita adabu. Mgeni akija kwako huku ana vumbi, utampa maji anawe. Basi na picha ni hivyohivyo, alisema.

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya wanawake. Mansukhlal na Seifu walitoka wakaenda kukaa nje kwa muuza kahawa, na Champaben, mke wa Mansukhlal, ndiye aliyewapokea wanawake wa Kiislamu, akawapangia nguo, akawapiga picha yeye mwenyewe. Wakishaondoka ndipo Seifu alipokabidhiwa vioo. Vilikuwa na nambari tu, bila majina. Na Mansukhlal alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza: kioo cha Ijumaa hakiendi dirishani kuonyeshwa wapita njia.

Kioo nambari 612 kilikuwa cha Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka 1936.

Mwanamke wa makamo ameketi katika kile kiti cha mgongo mrefu, kanzu yake ya hariri imetandazwa, mkufu umelala kifuani, shada la asumini limezunguka nywele. Mkono mmoja juu ya mwingine. Hakucheka, lakini ilionekana kwamba mtu aliyempenda amesimama karibu na mlango akimngoja. Kwenye shavu la kushoto alikuwa na kovu la ndui, kubwa kama punje ya mtama. Seifu alilifuta. Mume akaja akachukua picha moja, akashukuru, akaenda zake. Yakaisha. Lakini Seifu alikuwa akikitoa kioo kile sandukuni mara kwa mara na kukiinua kwenye mwanga. Huyu, alijiambia, hatasahaulika kamwe.

Februari ilipofika, Mansukhlal na Champaben walivuka kwenda Unguja kwenye harusi ya mpwa wao. "Pamba dirisha, Seifu," Mansukhlal alimwambia akimpa funguo. "Yule bwana mwenye tai amekuwa manjano kwa jua. Anatutia aibu."

Seifu alitafuta cha kuweka. Alipekua masanduku siku nzima, na kila alipopekua, mkono ulirudi kwenye 612. Lile sharti alilikumbuka vizuri, nisikufiche. Alijiambia kwamba sharti limewekwa kwa ajili ya picha za kawaida. Alijiambia kwamba uzuri kama ule kuufungia sandukuni ni sawa na kumzika mtu akiwa hai. Akatoa picha kubwa, ya upana wa sinia. Kisha, kwa desturi ya duka, akaigonga muhuri kwenye kona ya chini: jina la duka na tarehe. Tarehe ya muhuri ule ilikuwa daima ya siku picha ilipotolewa kwenye karatasi. Mansukhlal alitaka hivyo ili picha ikirudishwa imefifia ajue ni dawa ya siku gani iliyoharibika. Haikuwa tarehe ya siku mtu alipoketi kwenye kiti. Ndani ya duka kila mtu alilijua hilo. Mtaani hakulijua hata mtu mmoja.

Muhuri ulisema: 8 Februari 1937.

Jumanne watu walianza kusimama. Jumatano walisimama zaidi. Wanawake waliovaa mabuibui walivuka Mnazi Mmoja kutoka Kariakoo wawili wawili, watatu watatu, wakaja mpaka dirishani, wakatazama, wakanong'onezana, wakarudi. Seifu alikuwa ndani akiwaona kupitia upenyo wa pazia, na kifua kilimjaa. Alidhani wanaustaajabia uso. Alidhani, maskini, kwamba amemtoa mtu gizani.

Alhamisi asubuhi Ghanim, yule muuza kahawa wa nje ya duka, alimmiminia kikombe bila neno. Ghanim kwa kawaida alikuwa na maneno mengi kuliko kahawa.

"Vipi, Ghanim, leo ulimi umeuacha nyumbani?"

"Kunywa kahawa yako."

"Nimekukosea?"

Ghanim aliweka dele la kahawa chini. "Seifu, wewe ni mtu mzima au umekwisha kulewa hizo dawa zako? Unamjua huyo uliyemtundika hapo?"

"Mteja."

"Mteja! Huyo ni Bi Mauza, wa Mtaa wa Sikukuu. Mjane wa marehemu Muhiddin aliyekuwa na duka la kanga. Muhiddin tumemzika wiki mbili baada ya Idi. Hesabu mwenyewe. Mkewe yuko eda, yuko ndani, hajipambi, hatoki, miezi minne na siku kumi. Na wewe umemweka hapa na hariri, na mkufu, na asumini kichwani, na tarehe ya Jumatatu hii! Nimewasomea tarehe hiyo mimi mwenyewe wanawake wasiojua kusoma. Zaidi ya ishirini. Sikujua ninasoma nini mpaka mmoja akaanza kulia."

Kikombe kilimponyoka Seifu. Hakusikia kilipovunjika.

"Imepigwa Oktoba," alisema. "Ghanim, wallahi, imepigwa Oktoba. Mumewe alikuwa hai. Alimleta yeye."

"Basi mbona haikusema hivyo?"

Alikimbilia ndani, akaing'oa picha dirishani, akaigeuza uso ukutani. Kisha akabaki amesimama katikati ya duka, akielewa jambo ambalo hakulielewa kwa miaka kumi na mmoja: picha ukishaitoa dirishani haitoki machoni mwa watu.

Nyumba ya marehemu Muhiddin ilikuwa ya kawaida ya Kariakoo, bati juu, baraza mbele. Seifu alipiga hodi, akaongozwa na binti wa nyumba, Zeina, msichana wa miaka kumi na minane mwenye macho yaliyovimba kwa kilio, mpaka ukumbini. Huko pazia zito lilikuwa limefunika mlango wa chumba.

"Mama, amekuja mtu wa duka la picha."

"Shikamoo, mama," Seifu aliliambia pazia.

"Marahaba." Sauti ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimchoma kuliko matusi. "Ndiye wewe uliyeniweka njiani?"

"Ndiye mimi. Sikujua kwamba mume wako amefariki. Sikujua jina lako. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mwanangu, hebu nieleze, maana nakaa humu gizani nawaza sielewi. Tangu nimfunge marehemu sanda kidevuni sijavuka kizingiti cha mlango huu. Maji naletewa. Kioo cha kujitazamia kimegeuzwa. Na kila anayekuja kunipa mkono wa rambirambi ananitazama nguo, kana kwamba nimeficha hariri chini ya nyeupe hii. Jana amekuja shoga yangu wa utotoni akaninusa nywele. Akaninusa, mwanangu! Akitafuta asumini." Pazia lilitikisika kidogo. "Ningekuwa naruhusiwa kutoka, ningekwenda kila nyumba niseme. Lakini nikitoka nimevunja eda kweli. Mimi nimekaa, picha imetembea. Sasa nifanyeje?"

Zeina ndiye aliyesema, akitazama sakafu:

"Alasiri anakuja Bi Nunu."

Bi Nunu alikuwa mama wa kijana aliyemposa Zeina. Posa ilikubaliwa Muhiddin akiwa hai, na nikaha ingefungwa eda ikiisha. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba Bi Nunu hakuwa akimtaka Zeina. Alimtaka Sitara, mtoto wa dada yake, na alikubali tu kwa sababu kijana mwenyewe alishikilia na marehemu Muhiddin alikuwa mtu wa heshima. Sasa Muhiddin hayupo. Na heshima ilikuwa imetundikwa dirishani Uhindini kwa siku tatu.

"Kioo chenyewe kipo," Seifu alisema ghafla. "Pembeni mwa kila kioo naandika tarehe ya siku mtu alipopigwa, nakwaruza kwa sindano, haifutiki. Nitakileta alasiri. Wataona kwa macho yao. Picha imeharibu, na picha itatengeneza!"

"Kilete," alisema Bi Mauza.

Alasiri ukumbini waliketi Hamud, ndugu wa marehemu, mwenye ndevu za mvi na aliyekuwa walii wa Zeina, wa kumwoza. Na Bi Nunu, mwanamke mnene wa sauti nzito, amefunua uso wa buibui, shungi limekazwa. Na wazee wawili walioletwa kuwa mashahidi. Seifu alikifungua kioo kutoka kwenye kitambaa kama mtu anayefungua msahafu.

"Hapa," alisema, akionyesha ukingo. "Someni. Tarehe 16, mwezi wa kumi, mwaka jana. Marehemu alikuwa hai. Muhuri ule wa dirishani ni siku ya kutoa karatasi tu. Ninaweza kutoa karatasi leo kutoka kioo cha miaka kumi iliyopita."

Hamud alisoma, akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulianza kulegea. "Ni kweli, imeandikwa Oktoba."

"Nipe nione," alisema Bi Nunu.

Aliinua kioo kwenye mwanga wa mlango, na hapo hapo akapiga ukelele uliowatoa majirani barazani. Katika kioo kile uso wa Bi Mauza ulikuwa mweusi kama mkaa, midomo myeupe, macho meupe katikati, asumini nyeusi juu ya nywele nyeupe pee.

"Audhubillahi! Huyu ni nani? Mmemfanya nini mwanamke wa watu?"

"Ndivyo kioo kilivyo, Bi Nunu. Kinyume. Ukitia kwenye karatasi—"

"Kinyume! Mnasikia? Mwenyewe amesema, ni kinyume." Alikileta karibu na jicho. "Na hii mikwaruzo ya kalamu hapa shavuni ni nini?"

Seifu angeweza kusema hajui. Lakini alikuja kusema kweli, naye alikuwa bado mtu wa kuamini kwamba kweli ikisemwa inatosha.

"Nimefuta kovu."

"Kovu la ndui la Mauza?"

"Ndiyo."

"Kovu alilonalo tangu utoto, ambalo kila mtu analijua, wewe umelifuta likaondoka."

"Ni desturi ya kazi. Tunapamba—"

"Na tarehe hii ya pembeni kaandika nani?"

"Mimi."

"Na muhuri ule kagonga nani?"

"Mimi."

Bi Nunu aliwageukia wazee, akafungua mikono. "Basi jamani. Mkono mmoja unaandika Oktoba, mkono huohuo unagonga Februari, mkono huohuo unafuta ndui ambayo Mungu ameiandika. Mimi niushike upi?" Akamwambia Hamud, sasa kwa upole mbaya: "Bwana Hamud, mimi sisemi Mauza ni mwongo. Lakini nimeona kwa macho yangu, na watoto wa mjini wote wameona. Mwanangu hawezi kuoa katika nyumba inayonong'onwa. Barua yetu ya posa naiomba irudi."

"Bi Nunu," Hamud alisema, "mimi namwamini shemeji yangu."

"Mwamini. Na mimi niache niamini macho yangu." Wale wazee wawili wakamuunga mkono.

Ndipo pazia liliposema. "Nunu, umekuja humu ndani siku ya tatu, siku ya saba, siku ya arubaini. Umenishika mikono hii. Umekula na mimi katika sahani moja. Unaniona mimi kwa macho gani, na karatasi kwa macho gani?"

Bi Nunu alifunika uso wake kwa buibui, akainuka. Hamud aliingia ndani, akatoka na barua, akampa. Zeina alikuwa amesimama kando ya ukuta, hakulia. Alikitazama kile kioo kilicholala juu ya mkeka kana kwamba ni mnyama anayeweza kuamka.

Nataka ulione jambo hili kama lilivyokuwa, wewe unayetembea na picha yako mfukoni na kuwaonyesha watu. Mwanamke aliye hai, mwenye sauti, mwenye kovu, amekaa hatua tatu kutoka hapo, anasema, "Sikutoka." Na karatasi isiyo na ulimi imesema, "Ametoka." Wazee wenye mvi wakachukua neno la karatasi. Hakuna aliyewalazimisha. Hakuna serikali iliyowaamuru.

Seifu alikichukua kioo chake akaondoka. Alipofika Mnazi Mmoja alikipiga kwenye jiwe, akavikusanya vipande vyote kimoja kimoja, asije mtu akakanyaga. Kidole kilimtoka damu. Hakujali. Jioni Mansukhlal na Champaben walirudi kutoka Unguja, akawaambia yote amesimama, akingoja kufukuzwa. "Sharti lile," alisema Mansukhlal, "unajua kwa nini niliweka? Baba yangu alipoteza dada yake kwa picha moja iliyoonwa na watu, huko kwetu Kachchh, Bara Hindi. Sikukueleza. Nilidhani sharti linatosha." Akamwambia aje kesho kama kawaida.

Kesho ilikuwa Ijumaa. Seifu alifungua duka asubuhi, akafagia mbele ya dirisha tupu, akawa anatoka kwenda kwa Ghanim kama desturi ya siku ya wanawake, aliposikia mabuibui yakichakacha kwenye ngazi. Akasogea kando, akainamisha macho.

"Hodi humu," ilisema sauti nzito.

"Karibuni," Champaben aliitikia kutoka ndani.

Bi Nunu alipanda akimshika mkono msichana. Upepo uliinua ukingo wa buibui la msichana na Seifu akaona pindo la hariri, na pua yake ikakutana na harufu ya asumini, mbichi, ya kuchumwa alfajiri ileile.

"Huyu ni Sitara, mtoto wa dada yangu," Bi Nunu alimwambia Champaben. "Mwanangu anamposa. Tunataka picha ya kumpelekea. Unaijua ile iliyokuwa hapo dirishani? Basi kama ile. Kiti kilekile cha mgongo mrefu. Mkono mmoja juu ya mwingine, hivi. Na asicheke, ila awe kama anataka kucheka."

Seifu alisimama kwenye ngazi kama mtu aliyepigiwa msumari miguuni.

Bi Nunu alimwona. Hakushtuka, wala hakuona haya. Alimsogelea, akashusha sauti kama mtu anayezungumza na fundi wake wa siku nyingi.

"Fundi, na wewe usiende mbali. Mtoto ana chunusi hapa, chini ya jicho, imetoka jana. Wewe unajua kufuta."

Kisha akaingia ndani, na Champaben akalivuta pazia.